Ndugu akirudi kutoka Isanga: tunamkataa kwa sababu gani hasa?

Mama wa Uru

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba tuujadili uzi huu kwa utulivu maana wanaosoma humu wapo waliofiwa, na wapo wenye ndugu aliyeua.

Huku kwetu Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi, mwenyekiti wa kitongoji aliita kikao chenye ajenda moja. Kijana wa hapa (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) alimuua baba yake mdogo kwa panga wakati ugonjwa umemzidi. Mahakama ikaona kweli alitenda, lakini hakuwa na akili timamu alipotenda. Akapelekwa Taasisi ya Isanga kule Dodoma. Miaka imepita, na sasa amri ya kumwachia imetoka. Kikao kiliendelea hadi giza likaingia, azimio likawa: asirudi. Aende popote anapotaka, ila hapa hapana. Tuliopinga tulikuwa wachache mno.

Mimi ni nesi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza kliniki ya magonjwa ya akili. Sikuja hapa kupunguza uzito wa kifo cha mtu, marehemu nilimjua na msibani nilikaa. Nimeandika kwa sababu karibu kila aliyesimama kikaoni alisema maneno yaleyale: "Hawa wakitoka lazima warudie." Hakuna aliyeuliza wanarudia wangapi, wanarudia baada ya muda gani, na nini kinawarudisha huko.

Kwa wasioifahamu, Isanga iko chini ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Inapokea kutoka nchi nzima watu waliotenda makosa wakiwa wagonjwa, na watuhumiwa ambao mahakama inataka wapimwe akili kabla kesi haijaendelea. Mtu akitoka pale ametoka kwenye wodi yenye ulinzi, ametazamwa akila, akilala, akigombana na wenzake, na kuna daktari aliyeandika taarifa juu yake. Hilo tu linamtofautisha na mtu anayeokota makopo stendi bila dawa yoyote, ambaye hatujawahi kumwitia kikao.

Sasa niwape hesabu. Mwaka 2016 watafiti, akiwemo Seena Fazel wa Chuo Kikuu cha Oxford, walikusanya tafiti 35 kutoka nchi 10 zilizowafuatilia wagonjwa 12,056 baada ya kutoka hospitali za akili zenye ulinzi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametenda makosa ya ukatili. Waliorudia kosa walikuwa 4,484 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Maana yake, chukua watu mia waliorudi makwao ukae nao mwaka mzima: wanne au watano watafanya kosa tena. Tisini na tano hawatafanya. Na watafiti hao wanasema kiwango hicho ni kidogo kuliko cha makundi mengi ya kulinganisha. Wafungwa wanamaliza vifungo pale gereza la Karanga, wanapanda gari wanarudi vijijini, na hatujawahi kuitana kujadili kama tuwapokee.

Kuna namba nyingine kwenye utafiti huohuo iliyonigusa zaidi. Waliojiua baada ya kutoka walikuwa 325 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Wastani wa dunia unazunguka 9. Wakati sisi tunahesabu nani atamkata nani, mtu aliyerudi anarudi na kumbukumbu. Dawa imemtuliza, akili imerudi, na jambo la kwanza anakutana nalo ni kwamba alimuua baba yake mdogo aliyemlipia ada. Nimewahi kukaa na mgonjwa wa hivyo kliniki. Hakutaka kuzungumza habari ya sauti wala dawa. Aliuliza kama kaburi limejengewa.

Nataka tujadili hili: tukimkataa Uru, anakwenda wapi? Ataishia mjini, Majengo au Pasua, kwenye chumba cha kupanga, hana ndugu wa kumwambia "leo ni siku ya sindano yako ya dawa", hana anayeona kwamba usiku wa tatu huu halali. Tutakuwa tumemwondoa machoni petu na kumweka mahali ambapo kurudia ni rahisi zaidi. Tafadhali karibuni.

Dereva wa Kiboriloni

Mama shikamoo. Nimesoma yote na nimekuelewa. Ila nikuulize kama mtoto wako: wewe ungelala nyumba moja naye? Maana takwimu za Wazungu hazilali na mtu.

Mama wa Uru

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki, tena ndilo ambalo daktari anatakiwa aiulize familia kabla hajasaini chochote.

Nijibu kwa ukweli. Akiwa anachoma sindano yake, hanywi pombe, na nimeonyeshwa dalili zake za kuanza kubadilika, ndiyo, ningelala. Akiwa amekatiza dawa miezi miwili na jioni yuko kilabuni kwenye mbege, hapana, na nisingeruhusu mama yake alale naye.

Umetaja kulala, na uko sahihi kuliko wengi waliosema kikaoni. Kule waliogopa watoto wa shule na wapita njia. Mara nyingi anayeumizwa ni mtu wa karibu kabisa: mama, mke, ndugu wanaokaa naye, yule anayempelekea chakula. Kwa hiyo mwenye haki ya kwanza ya kusema "ninaogopa" ni wa ndani ya nyumba, na huyo ndiye asiyepewa nafasi ya kusema. Mama wa huyu kijana alikaa nyuma kikao kizima ameinamisha kichwa, hakuna aliyemgeukia.

Na jingine. Mwaka 2010 Nielssen na Large walikusanya tafiti za mauaji yaliyofanywa na wagonjwa wa saikosisi, yaani wale wanaosikia sauti na kushikilia mambo yasiyokuwepo. Karibu mauaji manne katika kila kumi yalitokea kabla mgonjwa hajapata tiba hata mara moja. Wakishaanza tiba, hatari inashuka hadi mtu mmoja kati ya 9,090 kwa mwaka. Kabla ya tiba ilikuwa mmoja kati ya 629. Hebu pima mwenyewe: kijana aliyetoka Isanga na kadi yake ya kliniki mkononi, na kijana wa jirani aliyejifungia chumbani tangu Pasaka, anaziba dirisha kwa magazeti, familia inasema amerogwa na inamzungusha kwa waganga. Nani wa kuitiwa kikao?

Mwanachuo Soweto

Mama, kwa heshima, naomba nilete upande mwingine wa hizo hesabu maana wanne kwa mia kwa mwaka zinasikika ndogo lakini miaka inaongezeka. Huyohuyo Fazel na wenzake walifuatilia Sweden wagonjwa 6,520 waliotoka hospitali za aina hiyo kati ya 1973 na 2009. Asilimia 40 walifanya kosa la ukatili baadaye. Nne katika kumi! Na tusisahau yule Graham Young wa Uingereza. Aliwekwa Broadmoor, hospitali ya akili yenye ulinzi, mwaka 1962 akiwa na miaka 14 kwa kuwapa ndugu zake sumu, akaachiwa 1971 kwamba amepona, akapata kazi kiwandani, akaanza kuwawekea wenzake sumu kwenye chai. Wawili walikufa. Madaktari waliosaini walikuwa wasomi wazuri tu.

Sisemi wasiachiwe. Nasema wanakijiji si wajinga kuogopa.

Mama wa Uru

Umefanya vizuri kuileta, na sitaipinga, namba zako ni sahihi. Mwanakijiji anayeogopa si mjinga, na sitaki uzi huu usomwe hivyo.

Ila usiishie kwenye 40. Katika utafiti huo wa Sweden, waliofanya ukatili tena walichukua wastani wa miaka 4.2 tangu kutoka. Miaka minne! Sisi huku tunamwangalia mtu kwa wasiwasi mwezi wa kwanza, Krismasi wageni wakija kutoka Dar tunamwona ametulia, anakata majani ya ng'ombe, tunasema amepona, na kadi ya kliniki inaingia chini ya godoro. Uangalizi unakwisha wakati ambapo hatari bado iko njiani. Kama kuna kitu tungechukua kutoka kwenye namba yako ni kwamba ulinzi wa miezi mitatu haufai kitu.

Na si kila mtu anabeba hatari sawa. Aliyekuwa na ukatili mzito hata kabla ya kosa lile, na mwenye tatizo la pombe au dawa za kulevya, hao wako juu. Aliyetenda mara moja akiwa kwenye kilele cha ugonjwa, hakuwa mgomvi kabla wala mlevi, yuko chini sana. Kikao chetu kiliwatia wote kapu moja. Huyo Graham Young uliyemtaja hakuwa akisikia sauti za kumwamrisha, alipenda sumu na aliificha hamu hiyo kwa miaka. Sindano ya mwezi isingemsaidia. Kijana wetu ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kuhusu dawa, hapohapo Sweden waliwatazama watu 82,647 waliokuwa wakiandikiwa dawa za akili kati ya 2006 na 2009, wakalinganisha mtu na yeye mwenyewe: kipindi anatumia na kipindi ameacha. Wakiwa kwenye dawa za saikosisi, makosa ya ukatili yalishuka kwa asilimia 45. Mtu yuleyule. Ndiyo maana sichoki kuuliza nani anashika kadi.

Upande wa Pili, Arusha

Nimekuwa nasoma tu, nimeona niandike.

Mimi ni wa familia iliyofiwa. Mama yangu mdogo aliuawa na mume wake. Kesi ikaisha kwa maneno ambayo hatukuyaelewa, kwamba ametenda lakini hana hatia kwa sababu ya wazimu. Sisi tulisikia "hana hatia" tukatoka mahakamani tukiwa tumevunjika. Hakuna aliyekaa na bibi yangu kumweleza maana yake.

Halafu baada ya miaka, binti wa marehemu alikuwa Kilombero sokoni ananunua vitu vya nyumbani, akamwona amesimama kwenye foleni ya haisi. Baba yake mzazi. Hatukuwa tumeambiwa na ofisi yoyote kwamba anatoka. Yule binti aliacha mfuko wa vitunguu palepale akakimbia. Mpaka leo hapiti Kilombero.

Mama, naheshimu kazi yako. Lakini unapoandika "tumpokee", kumbuka kuna mtoto anayezunguka mji mzima ili asipite sokoni.

Mama wa Uru

Pole sana mwanangu, na mwambie huyo binti pole kutoka kwangu. Ulichoandika kina uzito kuliko takwimu zangu zote na kinaanika kasoro kubwa: mtu anaachiwa, taarifa inakwenda kwa mgonjwa na kwa ndugu zake, waliofiwa wanakutana naye kwenye foleni. Huo ni ukatili wa pili.

Wala sikuandika kwamba binti huyo ana wajibu wa kumpokea mtu. Ana haki ya kuambiwa mapema na ana haki ya kusema asikae mtaa fulani, na hilo liandikwe. Kwa mila zetu za Kichagga damu ikimwagika ndani ya ukoo hatukuwa tunaiacha ielee. Wazee walikwenda na jani la isale, mmea wetu wa kuombea radhi, kwa waliokosewa, wakaomba kusikilizwa kwanza. Aliyefiwa aliweza kulikataa jani. Wakarudi siku nyingine. Kilichokuwa kizuri ni kwamba hakuna aliyeshtukizwa sokoni. Mambo ya kisheria yana mkondo wake, lakini hakuna sheria inayokataza wazee watangulie hatua hiyo kabla gari la Dodoma halijafika.

Na lile neno "hana hatia" naomba mwanasheria kama yupo humu alifafanue, maana limeumiza familia nyingi.

Wakili wa Barabara ya Boma

Nipo. Kwa ufupi.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 13 inasema mtu hawajibiki kwa jinai kama wakati anatenda, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuweza kuelewa anachofanya, au hakuweza kujua kwamba hakipaswi kufanywa, au hakuwa na uwezo wa kujizuia. Sheria huanza na dhana kwamba kila mtu ana akili timamu, kwa hiyo utetezi huo hauji wenyewe, lazima uthibitishwe. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, mahakama inaweza kuahirisha kesi na kumpeleka mshtakiwa hospitali, na taarifa ya daktari inatakiwa ndani ya siku 42. Wanaokaa mahabusu wanajua siku hizo zinavyoweza kurefuka.

Mahakama ikijiridhisha, inatoa uamuzi maalumu kwamba ametenda ila hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Haimwachii. Inaagiza azuiliwe, na tangu hapo hakuna tarehe ya kutoka kama mfungwa wa miaka 7 au 30. Inategemea taarifa ya daktari na amri ya Waziri, na amri hiyo inaweza kubeba masharti. Wapo waliokaa muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangekutwa na hatia. Kwa hiyo anayesema "wazimu ni njia ya kukwepa jela" hajui anachosema.

Niongeze kisa kimoja cha Marekani ambacho tulikijadili chuoni. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Baxstrom, ilisema jimbo la New York lilikosea kumshikilia mtu kwenye hospitali ya wahalifu wagonjwa baada ya kifungo chake kwisha, bila utaratibu wanaopewa raia wengine. Matokeo yake wagonjwa 967 waliokuwa wakihesabiwa hatari wakahamishiwa hospitali za kawaida. Watumishi walipinga, watu waliogopa. Baada ya miaka minne, waliolazimika kurudishwa kwenye zile hospitali za ulinzi hawakufika watatu kwa mia. Hofu ya wataalamu nayo huwa inazidi kipimo.

Dada wa Mgonjwa

Jamani naomba na mimi niandike ingawa mkono unatetemeka. Mimi ni dada wa mtu wa hivyo, tuko Kibosho.

Mnasema "familia imsimamie". Niwaambie familia ni nani. Ni mimi. Mama ni mzee, kaka wakubwa wako Dar na wanapiga simu. Kaka yangu aliporudi alikuwa mnene, mpole, anatembea kama aliyebeba kitu kizito kifuani. Asubuhi nikimpa uji, kikombe kinagonga meno kwa kutetemeka, mate yanamtoka pembeni, anafuta kwa mkono wa shati huku anaangalia chini asionekane. Watoto wa jirani wakamcheka. Mwezi wa nne akaniambia, "Dada, hii sindano inaniua nikiwa hai." Akaacha. Sikumlaumu.

Halafu kituo tunachochomea, mara mbili tumefika tumeambiwa sindano hakuna, mnunue duka la dawa. Siku hiyo nilikuwa na nauli tu.

Na kuna jambo hakuna anayelisema. Ukikaa kwenye ukoo wetu ukasikiliza wanaosema asirudi, nusu wanaogopa kweli. Nusu wanatazama kihamba, yaani shamba la urithi. Kaka yangu ni kitinda mimba, nyumba ya mama na migomba inayoizunguka ni yake kwa mila. Akiwa Dodoma, mpaka unasogea. Akirudi, mpaka unaonekana.

Mama wa Uru

Mwanangu, nimesoma hili nikasimama kwanza nikazunguka uani.

Nianze na mtetemeko na mate, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Hayo ni madhara ya dawa za zamani kama haloperidoli na ile sindano ya flufenazini tunayoichoma kwenye tako kila wiki mbili hadi nne. Si ugonjwa unaorudi, na si jambo la kuvumilia kimya. Zipo njia: daktari anaweza kupunguza dozi, kusogeza muda wa sindano, kuongeza kidonge cha kulegeza mwili (wengi mnakijua kama Artane), au kubadili dawa kabisa. Mgonjwa akisema "inaniua" inatakiwa arudi kliniki wiki hiyohiyo na maneno hayo yaandikwe kwenye faili. Mimi nimeona watu walioacha dawa kwa sababu ya mate tu, wakapoteza kila kitu. Kukaa mezani na kula bila kuchekwa ni haki ya mtu.

Kuhusu kuacha: sindano ya mwezi ina hila yake. Ukiikosa leo, kesho hakuna kinachotokea. Dawa bado iko mwilini inapungua taratibu. Wiki zinapita, anaonekana mchangamfu kuliko alivyokuwa, ule uzito umeondoka, anacheka, familia inafurahi. Ndipo usingizi unaanza kupungua. Anatembea usiku uani. Anazima redio anasema wanamtaja. Anakataa chakula cha mtu mmoja, huyo mmoja tu, na ukiona hivyo jua huyo ndiye ameingia kwenye mawazo yake. Hapo usingoje kesho, na mtu huyo alale kwa jirani.

Kaka yako alionyesha nini kabla ya lile tukio? Kaeni na mama mkumbuke. Kila mgonjwa ana njia yake, na mara nyingi akirudi kuumwa anapita palepale. Mmoja nilimjua alianza kwa kunyoa nyusi, kila mara. Mke wake alikuwa akiona nyusi tu anampigia nesi simu. Hakuna kipimo cha hospitali kingemwambia mapema kuliko hapo.

Kuhusu kihamba, asante kwa ujasiri. Kwenye kikao chetu na mimi nilinusa harufu hiyo nikanyamaza kwa sababu sina ushahidi. Nenda kwa mtendaji wa kata, jambo la mipaka liandikwe kando na la ugonjwa. Yakichanganywa, hofu ya kweli ya watu itatumika kumnyang'anya mtu urithi wake. Na afisa ustawi wa jamii wa wilaya mtafute kwa jina, usiishie mlangoni. Msamaha wa gharama kwa mgonjwa asiye na uwezo unapitia kwake.

Dereva wa Kiboriloni

Mama, dada amenifanya nione upande sikuuona. Kwa kaka yake, mimi naweza kumbeba na bodaboda siku za kliniki. Kutoka Kibosho si mbali na stendi yangu. Dada nitumie ujumbe.

Mwanachuo Soweto

Swali la mwisho kutoka kwangu. Wenzetu Uingereza mtu wa namna hii anaachiwa kwa masharti: ana daktari wake, ana msimamizi wa ustawi, na akianza kuharibika Waziri wa Sheria anaweza kumrudisha hospitali hata kabla hajafanya kosa. Huku kwetu nani anafanya hiyo kazi kijijini?

Mama wa Uru

Umegusa penyewe. Wenzetu anayegonga mlango ni mtu wa serikali anayelipwa. Huku anayegonga ni dada. Ndiyo sababu nasema takwimu za Ulaya zitatusaidia tu kama tutajenga angalau robo ya kile kilichozizalisha. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayoruhusu mgonjwa kufikishwa hospitali na ndugu au kwa msaada wa polisi hali ikiwa mbaya. Tuna zahanati, tuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, tuna balozi wa nyumba kumi. Hawajawahi kukalishwa meza moja juu ya mtu mmoja.

Mama wa Uru

MREJESHO.

Wengi mmeniuliza PM kikao chetu kiliishia wapi. Tulimwomba mwenyekiti aitishe kingine, safari hii wakaalikwa nesi wa kliniki, mtendaji, mchungaji na mjane wa marehemu. Kabla ya hapo wazee wawili walikwenda kwake na isale. Mara ya kwanza hakuwafungulia. Mara ya pili aliwapa viti.

Kikaoni mjane alisema hamtaki kijana karibu na nyumba yake na kwamba hatasaini kitu chochote. Hakuna aliyembishia. Tukakubaliana hivi: kijana hatarudi kihambani kwa sasa, atakaa kwa shangazi yake Njoro, mbali na nyumba ya mjane. Kadi anashika shangazi, binamu yake ndiye wa kumsindikiza, na nesi ana namba za wote wawili. Asipotokea siku ya sindano, nesi anapiga simu siku hiyohiyo, si mwezi ujao. Wenye vilabu vitatu vya karibu wameombwa wasimuuzie pombe, mmoja amekataa kuahidi na tumeandika kwamba amekataa. Mjane ataambiwa kila mabadiliko ya makazi kabla hayajafanyika. Dalili tano za kijana za kuanza kuumwa tulimwomba mama yake azitaje, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mama huyo kusimama na kusikilizwa. Suala la shamba limepelekwa kwa mtendaji peke yake.

Waliopinga bado wapo, tena wengi. Baba mmoja alisema atahamisha watoto wake shule. Tumemwambia ni haki yake na tutazungumza tena baada ya miezi sita.

Yule wa Arusha, karatasi hii ina kipengele cha kuwaarifu waliofiwa. Nimekiandika nikimfikiria binti wenu. Mkitaka kuipeleka kwa mwenyekiti wenu wa mtaa, niambie niipige picha niiweke humu, majina nitayafuta.